Maji Yaliyotoka kwa Mwanaidi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mikono yangu huikumbuka kuliko kichwa. Kichwa kimechoka, siku hizi natafuta miwani na hali nimeivaa. Lakini mikono hii, nikipita tu mahali palipochakatwa mkonge, ile harufu yake ya uchachu ikinifika puani, huanza kuwasha. Hapana upele, hapana alama. Inawasha tu, kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, na mimi husimama njiani nikajikuna kama mwehu, wajukuu wakanicheka. Nawaacha wacheke. Hawajui ni nani ananikumbusha.

Nakuandikia wewe kwa sababu mama yako kanipa habari kwamba umekubali kuingia chumbani na waosha maiti. Nimefurahi. Wasichana wa siku hizi wengi wenu mnamuaga marehemu kwa mbali, na kanga puani. Namna ya kumimina maji, upande gani uanze, sanda ikatwe vipi, hayo utafundishwa na wanaojua kuliko mimi, maana elimu yangu mimi ni chuo cha Kurani na kisomo cha watu wazima, basi. Mimi nataka kukupa kitu kimoja tu, na kitu hicho kimo ndani ya habari ya Mwanaidi, kwa hiyo itabidi univumilie. Nikipotea njia nitarudi.

Majina nimeyabadili. Wenyewe wote wametangulia mbele ya haki, na Mwanaidi hakuacha mtoto, lakini jina la mtu ni lake hata akiwa chini ya udongo.

Ilikuwa zama za Mwingereza, hapa hapa Tongoni, mwaka ambao masika yalikuja na hasira. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, hata sufuria zangu zilikuwa bado zinang'aa. Mwanaidi alikuwa shoga yangu. Mtu wa kucheka, wa kuazima kungumanga saa za kupika na asirudishe. Mumewe aliitwa Mbaruku, mchoma chokaa, mwanamume mpole mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Mwanaidi alikuwa mke wake wa pili. Mke mkubwa alikuwa Zaina.

Zaina alitoka Moa, na watu wa hapa hawakumpenda, sitakuficha. Mimi pia nilikuwa simpendi. Hakuwa na ubaya wa kutajika. Alikuwa na uso mkavu tu, hacheki ngomani, hakai barazani kusengenya, na akikusalimia unahisi umefokewa. Bi Tatu, jirani yetu mwenye mdomo usiolala, alikuwa akisema, "Yule hata uji wake hauchemki, unaogopa." Tulicheka sana. Kumbe mtu unaweza kumcheka mtu mpaka ukasahau kumtazama.

Siku hiyo, asubuhi, maji yalipoanza kupwa, Zaina na Mwanaidi walitoka pamoja na vikapu kwenda kuokota kombe kwenye mwamba. Adhuhuri Zaina akarudi peke yake, kikapu kimejaa.

"Mwenzio yuko wapi?" nikamuuliza, nilikuwa uani napepeta mchele.

"Hajafika? Alirudi mapema. Kichwa kilimuuma."

"Hajafika hapa."

Zaina akakiweka kikapu chini, tena hakukiweka, alikiachia, kombe zikamwagika. Akageuka akaondoka anakimbia. Sikuwahi kumwona Zaina akikimbia, wala sikumwona akikimbia tena baada ya hapo.

Watu walimtafuta Mwanaidi pwani mpaka maji yakajaa na kiza kikaingia. Ikanyesha mvua, mvua ya kuangusha migomba. Asubuhi yake wakata boriti wakamkuta kwenye mikoko, mdomoni mwa mkondo pale kijito kinapoingia baharini. Amekaa kati ya mizizi kama mtu aliyechoka akajiegemeza. Kaa walikuwa wamekwisha mfikia kope moja.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika. Wanawake wa kijiji cha pili nao walikuwa mwambani siku ile. Wakaulizwa. Wakasema kweli tupu: tulifika maji yalipokauka, tukamwona Zaina mpaka yaliporudi, hakutoka pale, na alikuwa peke yake. Kaka yake Mwanaidi, nimwite Kombo, akapiga kelele mbele ya watu, "Si mmesikia? Peke yake! Alikuwa keshamtosa mwenziwe akaendelea kuokota kombe!" Watu wakaona ndivyo. Wivu wa mke mwenza, bahari iko pale, shahidi hakuna. Zaina akachukuliwa, akafungiwa katika ghala ya jumbe, huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wa kijiji, na mtu akapanda baiskeli kwenda Tanga kuita askari. Zaina kila alipoulizwa alijibu neno lile lile, "Alirudi mapema. Kichwa." Wakamuuliza, mwenzio anaumwa kichwa mbona hukumsindikiza? Akanyamaza. Hapo ndipo alipojimaliza. Wanawe wawili walikaa chini mlangoni pa ghala wakimwita kupitia ufa wa ubao, na kila mtu mzima aliyepita pale alijua kwamba enzi hizo anayeua hunyongwa.

Mimi nikaitwa kuosha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, nikaitwa kwa kuwa nilikuwa shoga yake. Mkuu wa waosha alikuwa Bi Mwanasiti, bibi mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, ambaye hata salamu aliitoa kwa kuipima. Wa tatu wetu alikuwa Bi Tatu. Ufuo ulikuwa umekwisha chimbwa chumbani, lile shimo la kupokea maji chini ya kitanda, na Mwanaidi amelazwa juu yake, kafunikwa shuka. Dirisha limezibwa kwa mkeka. Nje wanaume wanaongea, ndani unasikia maji ya mtungi tu.

Bi Mwanasiti akafunua uso.

Mwanangu, mdomoni na puani pake palikuwa na povu. Jeupe, dogo dogo, laini, kama la sabuni ya kufulia hariri. Bi Mwanasiti akalipangusa kwa pamba. Likarudi. Polepole, tone kwa tone, linapanda kutoka puani kama kwamba ndani mna mtu anapuliza. Akapangusa tena. Likarudi tena. Mimi nikamshika mkono.

"Bi Mwanasiti, anapumua."

"Hapumui."

"Naliona lile, linatoka!"

"Linatoka kwa kuwa alipumua," akasema. "Aliyetupwa majini akiwa amekwisha kufa hana hili. Huyu aliingia majini hai, akavuta pumzi, akavuta maji. Pumzi na maji yakapigana ndani yakafanya povu. Shika kichwa, usitetemeke, utamwagia maji machoni."

Nikashika kichwa. Kilikuwa kizito, na nywele zake, zile nywele nilizokuwa nikizisuka kila Alhamisi, zilikuwa zimenasa vitu fulani, nyuzi nyuzi za kijani zilizooza. Nikadhani mwani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe vimekunjamana kama vya dobi. Bi Tatu akasema kwa kunong'ona, "Masikini, kahangaika." Bi Mwanasiti akamwambia hilo lisimdanganye, ngozi ikilowekwa hukunjamana vile vile, ya aliye hai na ya aliyekufa. Mkono wa kuume ulikuwa umefumba ngumi. Akautazama, akauacha kwanza.

Halafu akamwinua kidogo, akaanza kumpapasa tumbo kwa kuliminya, kama inavyotakiwa, ili kilichomo kitoke kabla ya josho. Maji yakatoka mdomoni. Mengi. Yakapita mikononi mwangu yakaanguka kwenye ufuo, yana rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na harufu si ya bahari.

Na mikono yangu ikaanza kuwasha.

Sijui nikwambieje. Si kama upupu, si kama siafu. Ni kama sindano ndogo ndogo zinatembea chini ya ngozi. Nikadhani woga. Lakini Bi Tatu naye, aliyekuwa akifungua nywele, akaanza kujikuna. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, macho yakamtoka.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akakiachia kichana kikaanguka. "Zaina!" akasema. "Zaina kamtegea! Kamtia kitu mwilini ili anayemgusa apate! Wallahi tumekwisha, nina watoto mimi!" Na akawa anaelekea mlangoni, kifuniko cha mdomo wake kimekwisha funguka, na nje pale yuko Kombo na panga la kukatia boriti. Fikiri mwenyewe neno lile lingetoka chumbani likamkuta Kombo. Askari wasingemkuta Zaina hai.

Nami nilikuwa nyuma yake. Nilitaka kutoka kuliko yeye.

"Kaeni chini," Bi Mwanasiti akasema. Hakupaza sauti. "Mnawashwa mnakimbilia mchawi. Nuseni kwanza."

"Ninuse nini?" nikauliza.

"Mkono wako. Wewe si baba yako alifanya kazi kwenye mashine ya mkonge? Alikuwa akirudi nyumbani ananuka nini?"

Nikanusa. Na mwanangu, palepale nikamwona marehemu baba yangu anaingia mlangoni, anavua kanzu kuukuu ya kazi, anajikuna viwiko, mama anamkaripia asiguse mtoto kabla hajaoga. Ilikuwa ni makapi ya mkonge. Ule uchachu. Ule muwasho wake usiomwacha mtu.

Nitoke njiani kidogo nikueleze, maana mashine zile nyie hamkuziona zikiunguruma. Juu ya kijiji palikuwa na shamba kubwa la mkonge, na mashine yake ikisaga majani, nyuzi huku, makapi kule. Makapi yalikwenda na mfereji wake mbali. Lakini masika ya mwaka ule yalivunja mfereji, makapi yakaingia kwenye kidimbwi cha kijito chetu, kile chenye mawe ya kuvukia, tulipozoea kujisuuza chumvi tukitoka pwani. Juma lile lote wanawake tulikuwa tumekatazana hata kupita pale. Maji yalikuwa ya kijani, yananuka, na ukiyagusa unawashwa kutwa.

Sasa Bi Mwanasiti akaichukua ile ngumi. Akaifungua kidole kimoja kimoja, na kila kidole kilitaka kurudi mahali pake. Ndani mlikuwa na majani ya matete, yameng'olewa na mizizi yake, na tope jeusi limejaa kuchani. Kiganja kimechanika palipopita jani.

"Matete yanaota baharini?" akatuuliza.

"Hayaoti," nikasema.

"Na anayeshika hivi ni maiti?"

Bi Tatu akatikisa kichwa.

"Basi huyu hakufa kwenye maji ya chumvi. Kafa kwenye maji baridi, maji ya kijito. Baharini mvua ndiyo iliyompeleka."

Niliposikia hivyo, badala ya kutulia, ndipo nilipoogopa kweli. Tumemtoa baharini mbele ya macho yetu, chumvi imemkauka kwenye nyusi, na ndani yake kuna maji ya mahali pengine. Nilimtazama Mwanaidi na jicho lake lile moja, nikaona kana kwamba anatusikiliza, anangoja tufike.

Palikuwa na jingine. Bi Mwanasiti alipofungua kinywa kusafisha, aliinama akachungulia. Akaniita nisogee. Ulimi ulikuwa umeumwa pembeni, umekatika karibu kupita, na meno yameacha alama. Bi Tatu akanyoosha shingo. Bi Mwanasiti akafunika uso kwa pamba na kusema, "Hili halitoki mlango huu. Umesikia, Tatu? Ukilitoa, siku yako nitakuosha mimi." Bi Tatu akafumba mdomo. Sijamwona Bi Tatu akinyamaza vile mpaka siku aliyozikwa.

Josho likasimama hapo. Nje Kombo akaanza kugonga ukuta. "Mnamwosha nini bado? Maiti anacheleweshwa!" Bi Mwanasiti akamjibu kwa kupitia pazia, "Tuna kazi, baba. Umuite jumbe." Jumbe akaja, wakanong'onezana pazia likiwa katikati. Jumbe akatuma vijana kidimbwini.

Wakati huo gari la Tanga likafika, askari na daktari. Daktari alikuwa mwanamke, Mhindi, amevaa viatu vya ngozi nyeupe vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa tope letu. Mbaruku akamsihi mke wake asipasuliwe. Daktari akasema atatazama kwanza kwa nje. Akaingia, akatusalimu, akavua viatu bila kuambiwa. Bi Mwanasiti alimwonyesha kila kitu, povu, ngumi, nywele, na yule daktari naye akamwonyesha Bi Mwanasiti vitu ambavyo hakuwa akivijua: jinsi ya kuingiza kijiti cha pamba mpaka nyuma ya koo, na pamba ikarudi na makapi, kwa hiyo hayakuingia mdomoni yenyewe baada ya kufa, yalivutwa. Walikuwa wameinama pamoja kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka mkekani.

Daktari akatueleza, Kiswahili chake kifupi lakini wazi, kwamba kama angepasua angetazama mapafu. Aliyekufa maji ya chumvi, alisema, mapafu yake huwa mazito, yamelowa, yanatetemeka kama faluda. Aliyekufa maji baridi yake huwa yamefura, mepesi, yamepauka, na ukiyabonyeza yana sauti kama karatasi. Nilikaa miaka bila kula faluda. "Lakini na hayo hudanganya," akasema, "mimi siwezi kula kiapo juu ya roho ya mtu kwa mapafu tu. Haya ya kooni na ya mkononi yana nguvu zaidi." Alipoona ulimi alimtazama Bi Mwanasiti. Bi Mwanasiti akamtazama yeye. Daktari akaufunika uso tena.

Vijana wakarudi kutoka kidimbwini na kikapu cha Mwanaidi na leso yake. Vilikuwa ndani ya matete, juu ya ukingo, kombe bado zimo. Na matete yameng'olewa pale kama shimo la kuku.

Sasa fahamu mambo yalivyogeuka. Neno lile lile la wanawake wa kijiji cha pili, lililokuwa likimnyonga Zaina, ndilo lililomtoa. Alikuwa mwambani, peke yake, tangu maji yalipokauka mpaka yaliporudi. Kidimbwi kiko mbali na mwamba, ng'ambo ya minazi, na kombe za kikapuni zilionyesha kwamba Mwanaidi alianzia mwambani; Zaina hakuwa na muda wa kumfuata kule akarudi. Hakuweza kuwa kote kuwili.

Lakini kulibaki swali, na Kombo alilipigia kelele: dada yangu alifuata nini kidimbwini, mahali ambapo hata mbwa hapiti juma hili? Bi Mwanasiti akanishika mkono, tukaenda ghalani. Zaina alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Hakutuamkia.

"Zaina," Bi Mwanasiti akasema, "mwenzio kauma ulimi."

Zaina akafumba macho. 

"Mlitaka nimvue nguo mbele za watu?" akasema.

Ndipo akatuambia. Mwanaidi alikuwa na kifafa. Kwao walijua, wakamwoza bila kumwambia Mbaruku. Siku moja alianguka jikoni kwa Zaina, Zaina akamlaza ubavu, akamkalia pembeni mpaka akazinduka, na Mwanaidi akamlilia: usimwambie mume, usimwambie mtu, nitaachwa. Zaina akaahidi. Siku ile mwambani Mwanaidi alimwambia, "Da Zaina, yananijia, kichwa kimeanza." Zaina akataka kumsindikiza. Mwanaidi akakataa, akasema tukiondoka wawili wale wa kijiji cha pili wanaokuja watauliza, watatufuata. Nitapita mahali pasipo watu.

"Yakimjia hutafuta mahali pasipo watu," Zaina akasema. "Ndiyo kawaida yake. Mimi nilijua, nikamwacha aende."

"Na ungekwenda kunyongwa na neno hilo kifuani?" Bi Mwanasiti akamuuliza.

"Niliahidi."

Yule mwanamke ambaye uji wake hauchemki.

Bi Mwanasiti hakumsifu. Alimkaripia, na sauti yake bado naisikia. "Mwanamke mjinga. Siri ya mwenzio umeitunza, mwenzio hukumtunza. Aibu ya mtu hufichwa asidhalilike. Haifichwi mpaka imuue, na wanao wawili pale nje wabaki bila mama." Zaina ndipo akalia. Nami nikalia. Nilikuwa na vyangu vya kulilia.

Mbele za watu Bi Mwanasiti alisema machache: Mwanaidi kafa kwenye maji baridi, kateleza kwenye mawe ya kidimbwi akiwa hana mtu, na hakuna mkono wa binadamu. Daktari akawaambia askari vivyo hivyo. Halafu Bi Mwanasiti akamvuta Kombo pembeni akamwambia neno moja sikioni. Najua alimwambia nini kwa sababu Kombo alikaa chini pale pale kwenye tope, akashika kinywa chake kwa mikono miwili. Yeye alikuwa anajua maradhi ya dada yake tangu utotoni. Hakuyakumbuka, au aliyakumbuka akaona heri atafute muuaji. Hilo tumwachie Mungu.

Zaina akafunguliwa. Hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja chumbani, akachukua pamba mkononi mwangu, akampangusa Mwanaidi lile povu. Tangu asubuhi tulikuwa tukilipangusa na likirudi, mbele ya daktari lilirudi, hata nilikwisha acha kulihesabu. Zaina akapangusa mara moja. Tukangoja. Halikurudi.

Sikwambii kitu hapo. Daktari angesema lilikuwa limekwisha. Inawezekana. Tukaanza josho upya, majani ya mkunazi, kisha kafuri, na Zaina ndiye aliyemimina.

Sasa mwanangu, shika haya. Utakapoingia chumbani, wewe ndiye mtu wa mwisho kumtazama yule aliyelala, baada yako ni udongo. Usimtazame kwa macho ya waliokaa nje. Povu, ngumi, nywele, kilicho ndani ya kucha, vyote vitazame kabla hujavimwagia maji, maana ukikwisha kuosha umefuta. Ukitoa maji, jua ni maji gani. Ukiona jambo lisilokaa sawa, simamisha josho, hata wakigonga ukuta. Na mkono ukikuwasha, nusa kabla hujataja jina la mtu.

Aibu utakayoiona kwa maiti ifunike, hata kwa mumeo. Lakini ikiwa kuna roho ya aliye hai inaning'inia kwa ulichokiona, kiseme, kwa anayestahili kuambiwa, kwa kadiri inayotosha kumwokoa, na usiongeze.

La mwisho silo la chumbani. Ukiwa na ndugu au jirani mwenye kifafa, msimfiche kama sufuria iliyotoboka. Ajulikane, asindikizwe, asioge peke yake mtoni wala baharini wala hata kwenye karo la nyumbani. Mwanaidi hakuuawa na maji ya chumvi wala ya kijito. Aliuawa na kutafuta mahali pasipo watu. Na yule uliyezoea kumcheka kwa uso wake mkavu, kamtembelee kesho. Mimi na Zaina tulikuja kuwa mashoga, lakini tulianzia msibani, na hapo si mahali pazuri pa kuanzia.

Mungu akupe mikono mipole na macho yasiyo na haraka. Akukinge na maji usiyoyajua kina chake. Na siku yako ikifika, baada ya umri mrefu wenye heri, akujaalie wa kukuosha anayekupenda, atakayeliona la kufichwa akalifunika, na la kusemwa akalisema. Amin.